Kuku anayelala mtini hachanjiki: banda dogo linavyookoa kundi zima

Jioni katika vijiji vyetu vingi utaona kuku wakiruka mmoja mmoja kwenda kulala juu ya mwembe. Wengine hujibanza jikoni, wengine uvunguni mwa kitanda. Asubuhi wanashuka na kujitafutia, na mwenye nyumba anaokota mayai pale anapoyakuta. Ufugaji huu hauna gharama, na kwa miezi kadhaa unaonekana unalipa. Kisha siku moja kuku mmoja anazubaa, kesho yake watatu, na wiki ikiisha uwanja uko kimya. Kuku ambao wangenunua sare ya shule au kulipa nauli ya hospitali wamekwisha.

Ugonjwa huo wengi tunauita mdondo au kideri. Wataalamu huuita Newcastle, kwa jina la mji wa Uingereza ulikotambuliwa miaka ya 1920. Hauna tiba, lakini chanjo yake ipo, na hutengenezwa hapa hapa nchini na Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA). Kwa mfugaji wa kijijini, kikwazo mara nyingi huja kabla ya kuifikia chupa ya chanjo: kuku wenyewe hawakamatiki. Ndiyo maana tunaanza na banda.

Banda la gharama ndogo

Wengi hujenga banda kwa kuogopa mwizi na kicheche. Ni sawa, lakini banda lina faida nyingine kubwa zaidi: asubuhi, kabla hujafungua mlango, kuku wako wote wako mahali pamoja. Unaweza kuwahesabu, kumwona anayeumwa, na kuwachanja wote bila kukimbizana nao.

Huhitaji matofali wala saruji. Tumia fito, mianzi, matete, mabanzi na udongo, paa liwe la nyasi au bati. Kadiria mita 1 ya mraba kwa kuku 5 wakubwa. Kwa hiyo kuku 20 watatoshea kwenye banda la mita 2 kwa mita 2. Zingatia mambo haya:

- Jenga mahali palipoinuka, maji ya mvua yasituame.
- Urefu wa banda uelekee mashariki na magharibi, ili jua kali lisiingie moja kwa moja.
- Sehemu ya juu ya kuta iwe wazi na iwekwe wavu au fito zilizokaribiana. Banda lisilopitisha hewa huleta mafua na kikohozi.
- Weka fito za kulalia. Kuku hupenda kulala juu, na ndiyo sababu hukimbilia mtini.
- Sakafuni mwaga maranda ya mbao au pumba za mpunga, na uyabadilishe yakilowa.
- Weka viota pembeni penye giza kidogo, na nyunyiza majivu kupunguza utitiri na viroboto.

Kama eneo lako lina unyevu au siafu wengi, inua banda juu ya nguzo na sakafu iwe ya fito, kinyesi kianguke chini. Usiache kukizoa, ni mbolea nzuri ya bustani.

Kuku wamezoea mti, nifanyeje?

Usiku kuku haoni vizuri. Chukua tochi, washushe taratibu na uwaingize bandani. Wafungie humo siku 3 au 4 ukiwapa maji na chakula, kisha uwafungulie. Baada ya hapo, kila jioni mwaga pumba au mtama kidogo ndani ya banda. Wachache watarudi mtini, na utawashusha tena. Vifaranga waliokulia bandani hawatakusumbua.

Siku ya chanjo

Chanjo inayowafaa zaidi kuku wa kienyeji ni ile ya I-2. Inastahimili joto kuliko chanjo nyingine za ugonjwa huu, jambo linalosaidia vijiji visivyo na umeme. Hata hivyo si kwamba haiharibiki kabisa. Isafirishe ikiwa imefungwa kwa kitambaa kibichi, isipigwe na jua, na fuata maelekezo ya chupa kuhusu muda wa kuitumia.

Kazi ni ya watu wawili, asubuhi na mapema. Mmoja anamshika kuku na kumlaza kichwa upande. Mwingine anadondosha tone 1 katika jicho moja, anasubiri lienee jichoni, kisha kuku anatolewa nje. Chanja wote: jogoo, mitetea na vifaranga. Ukimwacha mmoja, umeuachia ugonjwa njia.

Rudia kila baada ya miezi 3. Ukichanja Januari, chanja tena Aprili, Julai na Oktoba. Andika tarehe kwenye kalenda au weka kikumbusho kwenye simu. Chupa moja huwa na dozi nyingi kuliko kuku wa kaya moja, hivyo panga siku moja na majirani, mchange fedha. Kuna faida nyingine pia: kuku wako huchanganyika na wa jirani kila siku.

Kosa linalorudiwa sana

Wengi hukumbuka chanjo wakisikia kuku wanakufa kitongoji cha pili. Wakati huo huenda umechelewa. Kinga huhitaji wiki 1 hadi 2 kujijenga mwilini, na kuku aliyekwisha kuambukizwa hataokolewa na chanjo. Vidonge na unga wa dukani navyo haviui kirusi cha mdondo.

Wapo wanaosema mdondo huletwa na upepo wa kiangazi. Mara nyingi huletwa na sisi wenyewe: kuku tuliyemnunua mnadani, tenga lililobeba wagonjwa, viatu vilivyokanyaga kinyesi. Kuku mgeni mtenge wiki 2 kabla ya kumchanganya na wenzake.

Ukiona kuku wamezubaa, wameshusha mbawa, wanapumua kwa shida, wanaharisha kijani au shingo zinapinda, na vifo vinafuatana haraka, mjulishe mtaalamu wa mifugo wa kata. Waliokufa wachome moto au wafukie chini sana. Usiwakimbize wagonjwa sokoni ili kuokoa fedha. Hasara yako itakuwa ya kijiji kizima, na kesho utarudishiwa ugonjwa huo huo.

Vifaranga wasisahaulike

Kuku huatamia siku 21, na anaweza kuangua vifaranga 10. Baada ya mwezi unaweza kukuta 3 tu. Mwewe, kunguru na baridi vimewamaliza. Kwa wiki 4 za mwanzo, wafunike mchana pamoja na mama yao chini ya tenga pana, kivulini, wakiwa na maji safi kwenye chombo kifupi wasizame. Wape chenga za mahindi, dagaa waliosagwa na mchwa ukiwapata. Usiku walale bandani.

Anza leo jioni

Jua linapozama, toka nje uwahesabu kuku wako na uangalie kila mmoja analala wapi. Waliotawanyika mitini na jikoni ndio watakaokukimbia siku ya chanjo. Anza na banda la fito mwezi huu, kisha uliza duka la dawa za mifugo au mtaalamu wa kata chanjo inapatikana lini. Fanya hivyo sasa, kuku wakiwa wazima.