Kapu la Mboga na Maji ya Lumemo

Hisa ya mavuno ni mapatano ambayo kwayo mlaji humlipa mkulima kabla ya msimu kuanza, kisha hupokea kila wiki kapu lenye chochote kile ambacho shamba limetoa wiki hiyo, liwe limejaa mchicha na bamia au lina nyanya chungu tupu. Wadudu wakishambulia au maji yakizidi, kapu hupungua, na mlaji hadai kurudishiwa fedha zake. Kinachonunuliwa, kwa hiyo, ni sehemu ya msimu pamoja na heri na shari zake, na shari hizo ndizo zinazoyatenga mapatano haya na biashara ya kawaida ya genge, ambako mnunuzi hutoa fedha akiwa ameshaigeuza mboga na kuikagua.

Wajapani waliyaita mapatano ya namna hii teikei, nayo yalienea nchini mwao katika miaka ya 1970, hasa kwa juhudi za kina mama wa mijini waliohofia sumu za viwandani katika chakula cha watoto wao. Geneva yalianza mwaka 1978, na mwaka 1986 yakaanza Marekani, katika majimbo ya Massachusetts na New Hampshire. Mkoani Morogoro, shirika la Kilimo Endelevu Tanzania, lifahamikalo zaidi kwa kifupi cha SAT, limefundisha kilimo hai tangu mwaka 2011, likafungua duka la mazao hayo mjini Morogoro na kuendeleza utaratibu wa dhamana shirikishi, ambao ndani yake wakulima wa vikundi hukaguana mashamba wao kwa wao. Hiyo si hisa ya mavuno, kwa kuwa mteja wa dukani hulipia kile anachokiona. Hata hivyo nusu ya jambo imekwisha kujengwa, yaani mlaji kujua mboga yake imelimwa vipi.

Nusu iliyobaki, ile ya kugawana hasara, ndiyo inayolihusu zaidi bonde la Kilombero, mkoani humo humo. Tambarare yake ya mafuriko, iliyoingizwa mwaka 2002 katika orodha ya Ramsar, yaani mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu, hupokea masika maji ya mto Kilombero na ya mito inayoshuka kutoka milima ya Udzungwa, na mto Lumemo umewahi kuvunja kingo na kuingia hadi kwenye makazi ya mji wa Ifakara. Mpunga huyapenda maji hayo, ndiyo maana familia nyingi huhamia mashambani kwa miezi kadhaa na kulala kwenye madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo. Lakini mchicha au nyanya zikisimama majini siku chache tu, mizizi hukosa hewa na kuoza. Mboga nyingi za bustani, basi, ni mazao ya kiangazi, zikipandwa kwenye matuta ya ardhi yenye unyevu baada ya maji kupungua, na mlaji wa Ifakara anayetaka kapu la aina moja mwaka mzima anataka kisichowezekana. Aprili ni mwezi wa matembele, yanayostahimili unyevu, na wa kisamvu cha mihogo iliyo mwinukoni.

Kulipa kabla ya mavuno si jambo geni Tanzania. Katika mikoa ya korosho huitwa kangomba: mlanguzi humpa mkulima mwenye shida fedha kidogo, kisha huchukua korosho nyingi wakati wa mavuno, na shamba likiharibika deni hubaki palepale. Sura ni moja, kwa kuwa fedha hutangulia mavuno. Tofauti ni nani anayeibeba hasara.

Kapu likishafika nyumbani, kazi huhamia jikoni, na katika joto la Ifakara kazi hiyo haisubiri. Jani lililochumwa bado linapumua na kupoteza maji, kwa hiyo fungu la mchicha hufunguliwa kamba mara moja, majani yaliyochubuka yakaondolewa, na mengine yakatandazwa kwenye ungo kivulini chini ya kitambaa chenye unyevu, bila kuoshwa, kwa kuwa maji yanayobaki kati ya majani huharakisha kuoza. Chungu ndani ya chungu, chombo kilichopata sifa kutoka Nigeria, ambacho mchanga wenye maji kati ya vyungu viwili hupoza mboga kadiri maji yanavyofuka, hufaa Septemba hewa ikiwa kavu. Masika, hewa ikiwa imeshiba unyevu, maji hayafuki vya kutosha na chombo hicho hakisaidii sana, ingawa wanaokisifu ni nadra kulisema hilo.

Majani laini huliwa siku ya kwanza, bamia zikafuata, na maboga yakasubiri. Majani ya maboga, msusa kwa wengi wa Morogoro, humenywa nyuzi za kikonyo kwa kuvunja ncha na kuivuta taratibu kuelekea kwenye jani. Kisamvu lazima kitwangwe kilainike, kisha kichemshwe chungu kikiwa wazi, kwa maana majani ya muhogo yana kemikali zinazozaa sianidi, sumu ambayo kutwanga huifungua na mvuke huiondoa. Karanga au tui la nazi linalofuata si la ladha peke yake, kwani mafuta ndiyo yanayouwezesha mwili kufyonza kile kilicho ndani ya majani ya kijani kinachogeuzwa kuwa vitamini A.

Ifakara ina wakulima wa bustani, ina baiskeli za kubebea matenga, na ina vikundi vya upatu na vikoba ambavyo wanachama wake wamezoea kutanguliza fedha kwa kuaminiana. Wanaotaka kujaribu waanze na kaya kumi, mkulima mmoja na kiangazi kimoja, na kabla ya shilingi ya kwanza kutolewa waandike kwenye karatasi nani atabeba nini Lumemo ukifurika.