Ukidhani wanacheza tu, hebu ingia chekechea ya Malaba

Umewahi kumpeleka mdogo wako chekechea, ukamwacha mlangoni, ukageuka mbio kabla hajaanza kulia? Wengi wetu tunaijua shule hiyo mpaka hapo mlangoni tu. Ukipita unasikia nyimbo na makofi, unajiambia, aah, hawa wanacheza tu, shule yenyewe itaanza gredi ya kwanza.

Leo usigeuke. Ingia, kalia kile kiti kidogo kinacholeta magoti yako kidevuni, utazame.

Fikiria uko Malaba, upande wa Kenya. Barabarani malori yamepanga foleni yakisubiri kuvuka kwenda Uganda. Darasani kuna watoto wa miaka minne na mitano, wale wa PP1 na PP2. Mwalimu amemwaga vifuniko vya soda kwenye mkeka, akawaambia wafungue duka. Mmoja anauza nyanya, ambazo ni mawe. Kila nyanya ni kifuniko kimoja. Mteja anatoa vifuniko vitatu, anapewa nyanya mbili. Anaondoka, anasimama, anaangalia mikono yake. Kisha anarudi mbio kudai chenji yake.

Umeona hapo? Hakuna aliyemwandikia ubaoni tatu kutoa mbili. Hesabu ameipata mwenyewe, tena kwa furaha ya mtu aliyenusurika kupunjwa! Ndiyo maana mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika madarasa haya kote nchini mwaka wa 2019, unataka mtoto wa umri huu ajifunze kwa kucheza na kushika vitu.

Kwa mtoto wa mpakani, duka si jambo geni. Shilingi ya Kenya na ya Uganda amezoea kuziona zikibadilishwa. Wakitoka nje, wanashikana mabega, wa mbele anaguruma, na tayari hiyo ni boda boda. Wanalo haki ya kuicheza, maana neno lenyewe lilizaliwa huku kwao, enzi za waendesha baiskeli waliovusha abiria kati ya Kenya na Uganda wakitangaza safari kwa neno la Kiingereza la mpaka.

Sasa sikiliza lugha. Huyu amefika na "yoga" ya Kiteso, yule na "mulembe" ya Kiluhya, na wa tatu, ambaye wazazi wake walikuja mjini kutafuta riziki, anajua Kiswahili tu. Mwalimu anainua picha ya ng'ombe. "Aite!" anapaza sauti Mteso. "Ing'ombe!" anajibu Mkhayo. Wanaangaliana, wanacheka. Mwalimu anayakubali yote mawili, halafu analeta la tatu, ng'ombe. Tangu ripoti ya Tume ya Gachathi ya 1976, sera ya Kenya imekuwa kwamba mtoto aanze kufundishwa kwa lugha ya eneo lake, na mjini mara nyingi hicho huwa Kiswahili. Lakini sera haimjui mtoto aliyekaa kimya wiki mbili kwa sababu haelewi wenzake. Mwalimu ndiye anayemjua, na siku mtoto huyo atakapotamka "ng'ombe" kwa mara ya kwanza, darasa zima litampigia makofi.

Saa ya uji inafika, vikombe vinatoka, kelele zinapungua. Hapa kuna jambo linalostahili kujulikana na kila mkazi wa Busia.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti Christel Vermeersch na Michael Kremer walifuatilia chekechea 50 katika wilaya za Busia na Teso za wakati huo. Nusu yake, yaani 25, zilipewa chakula cha asubuhi bila malipo, na 25 zikaendelea kama kawaida. Palipokuwa na chakula, mahudhurio yalikuwa juu kwa takriban asilimia 30. Je, alama nazo? Zilipanda, lakini pale tu ambapo mwalimu alikuwa amepata mafunzo mazuri kabla ya mpango huo kuanza. Kremer huyo ndiye mmoja wa watatu walioshinda Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka wa 2019.

Yaani uji ulimleta mtoto darasani, lakini kumfundisha ilikuwa kazi ya mwalimu.

Basi tuzungumze mimi na wewe. Ukisema umechagua kusomea ualimu wa chekechea, wapo watakaokucheka: ati unaenda kuimba na watoto? Waambie kuimba ndiyo kazi yenyewe, na ina ufundi wake. Katiba ya 2010 ilikabidhi kaunti elimu hii, kwa hivyo madarasa, walimu na mishahara yao ni maswali ya kumuuliza mwakilishi wadi wako anapokuja kuomba kura. Kijana asiyeuliza leo ndiye mzazi atakayelalamika kesho.

Na kama ualimu si njia yako, bado una kazi. Okota vifuniko, maboksi na mabaki ya vitambaa uvipeleke shuleni, hivyo ndivyo vitabu vya watoto hawa. Jioni usimuulize mdogo wako ameandika nini, muulize amecheza nini. Kisha mkiwa njiani kurudi nyumbani, mwache ahesabu malori. Akifika kumi na moja akakwama, usimtajie haraka. Ngoja kidogo. Hiyo kumi na mbili akiipata mwenyewe, utaona uso wake.