Samaki akitoboka kichwani, anza na mkaa wa chujio

Swali ni lilelile katika barua nyingi za wafugaji wa samaki wa mapambo hapa Bukavu: samaki ametoboka kichwani, nimpe dawa gani? Wengi wana samaki wa Ziwa Tanganyika waliopandishwa kutoka Uvira. Wachache wamethubutu kufuga katika maji ya chumvi, katika mji ulio zaidi ya kilomita 1,000 kutoka baharini, na kwenye vioo vyao wanaogelea kangaja na kitatange, samaki wa miamba ambao Kenya huwauza nje wakiwa hai. Hawa wa maji ya chumvi ndio ninaowajibu leo, kwa kuwa ndio wanaodanganywa zaidi. Wameambiwa kwamba ni minyoo inayokula ubongo, kwamba ni ukoma wa samaki, kwamba akiugua mmoja wote wamekwisha. Hakuna hata moja lililo kweli. Kwa kadiri ushahidi unavyokwenda, ugonjwa huu wa kulika ngozi kichwani na ubavuni huanzia kwenye maji na chakula tulichompa samaki sisi wenyewe, na mara nyingine chanzo kimekaa ndani ya chujio: ni mkaa.

Utautambua ukimmulika samaki kwa tochi akiwa ametulia. Chini ya jicho na kuzunguka pua utaona vishimo vilivyopauka, vidogo kama kichwa cha pini, ambavyo baadaye huungana. Kwa kawaida hutokea pande zote mbili za uso. Ngozi imebonyea, haikuvimba. Hakuna damu wala usaha, na mwanzoni samaki anakula na kuogelea kama kawaida. Vipele vyeupe vilivyoinuka kama punje za chumvi ni kazi ya vimelea, na kidonda chekundu kinachopukutisha magamba mara nyingi ni cha bakteria. Hayo ni magonjwa mengine. Vishimo hivi havitokei ovyo, na hapo ndipo penye ajabu. Vinafuata mstari wa pembeni, yaani ile mifereji inayopita chini ya ngozi ya kichwa na kunyooka ubavuni hadi mkiani. Ndani yake zimepangwa seli zenye vinyweleo, jamaa wa zile zilizo ndani ya sikio la binadamu, na kila kifungu cha vinyweleo kimevikwa kofia ya ute. Adui akipita karibu maji husukumika, msukumo huo huingia kwa vitundu vya asili, kofia ya ute huinama pamoja na vinyweleo vyake, na ubongo hupata habari. Hivyo ndivyo samaki anavyohisi gizani kilicho jirani naye. Katika ugonjwa huu kinacholika ni dari ya mfereji: vitundu vya asili hupanuka, ngozi iliyovitenganisha hutoweka, na mfereji hubaki wazi kama mtaro uliong'olewa vifuniko.

Kwa miaka mingi washukiwa walikuwa umeme unaovuja majini, upungufu wa vitamini, virusi na vimelea. Mwaka 2011 zikachapishwa tafiti mbili za Marekani zilizofanya jambo rahisi: kangaja wa Atlantiki aitwaye Acanthurus bahianus waligawanywa, wengine wakafugwa katika maji yanayopita kwenye mkaa ulioamilishwa, wengine bila mkaa. Katika utafiti wa Andrew Stamper na wenzake, uliotumia mkaa wa vifuu vya nazi, waliopitishiwa mkaa walitoboka na wenzao wakasalimika. Jay Hemdal na Andrew Odum wa Toledo Zoo walilinganisha aina za mkaa. Ule wa liginiti, unaomomonyoka kwa urahisi, ulileta majeraha makali. Ule wa vipande vigumu ulileta madogo. Mkaa ulioamilishwa hupikwa kwa mvuke kwenye joto la nyuzi 800 na zaidi, hadi kila punje ijae matundu yasiyoonekana kwa macho. Kuta za matundu ya gramu moja tu zikitandazwa huzidi mita za mraba 500. Uso mpana hivyo hunasa rangi, harufu na masalia mengi yaliyoyeyuka majini, yenye faida kwa samaki na yasiyo na faida. Wapo watafiti wanaofikiri mkaa huondoa kitu ambacho ngozi inakihitaji, na wapo wanaofikiri vumbi lake ndilo linaloichokoza. Tofauti kati ya liginiti na vipande vigumu inanivuta upande wa vumbi.

Mtu atauliza: kitu kinachouzwa kusafisha maji kitamdhuru vipi samaki? Maji yaliyong'aa machoni mwetu hayawi salama kwa ngozi kwa sababu hiyo tu, na tafiti hizo ndizo zilizoonyesha hivyo. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba zilihusu spishi moja, na kwamba wapo samaki wanaotoboka pasipo mkaa. Ni kweli. Mkaa si chanzo pekee. Lishe duni na maji yaliyochakaa bado ni washukiwa. Lakini kuutoa hakugharimu hata faranga moja, na aliyeutoa amejua jambo moja kwa hakika kabla ya kununua chochote. Wengine wananikumbusha kwamba sikilidi wa maji baridi hutoboka kichwa pia, hukutwa na kimelea kiitwacho Spironucleus, na dawa iitwayo Flagyl huwasaidia. Hilo nalo ni kweli, na hapo ndipo mkanganyiko ulipozaliwa: majeraha yanafanana sura, kwa hiyo dawa ya huyu ikahamishiwa kwa yule.

Mkanganyiko huo una wauzaji wanaofaidika nao. Wanashauri kufungua vidonge vya tetrasaiklini na kumwaga unga wake majini, na wakiulizwa vinaua nini hawana jibu. Jibu ni kwamba vinaweza kuua bakteria wema wa kwenye chujio, wale wanaogeuza amonia ambayo samaki huitoa, hasa kwa matamvua. Amonia ikipanda, samaki aliyekuwa na vishimo visivyouma sana anakufa kwa sumu, na muuzaji anasema ugonjwa ulikuwa umezidi. Huo ni udanganyifu. Wako pia wanaoponda makaa ya jikoni kutoka soko la Kadutu na kuyauza kama mkaa wa chujio. Hayo hayakuamilishwa, yatakuletea vumbi tu.

La kufanya ni fupi. Toa mkaa. Ukiuhitaji kuondoa klorini ya maji ya bomba ya Regideso, utumie kwenye ndoo kabla hujachanganya chumvi, uwe wa vipande vigumu na uoshwe mpaka maji yake yasiwe meusi. Badilisha sehemu ya maji kila wiki, kwa chumvi maalumu ya akwariamu, kwa sababu ya mezani haina magnesi na kalsi za baharini. Kangaja mpe mwani kila siku. Pima amonia. Kisha subiri kwa wiki kadhaa, pengine miezi: vishimo vichanga huanza kujaa kutoka kingoni, rangi ikirudi taratibu kuelekea katikati, na vile vilivyokwisha kuungana huacha kovu lililopauka ambalo halimzuii samaki kula.