Chipu Zinazokokotoa kwa Uwezekano: Mfano wa Usahihishaji wa Makosa katika Flashi

Chipu ya kawaida hulazimika kuamua mapema. Volteji inayosomwa katika seli ya flashi hutajwa kuwa 0 au 1, hata inapoangukia karibu kabisa na mpaka. Uamuzi huo hupoteza taarifa, kwa kuwa dalili dhaifu ya 1 na dalili thabiti huhesabiwa sawa. Kadiri seli zinavyopunguzwa ukubwa, ndivyo makosa yanavyoongezeka na saketi ya kuyasahihisha inavyozidi kula umeme.

Katika tasnifu yake ya uzamivu MIT (2003), Ben Vigoda alipendekeza saketi za analojia ambamo kiasi cha umeme chenyewe huwakilisha uwezekano. Uwezekano mmoja huzidishwa kwa mwingine kwa transista chache tu. Sehemu za saketi hupashana makadirio mpaka yatulie. Hapo ndipo biti huamuliwa. Mwaka 2010 Lyric Semiconductor, kampuni aliyoshiriki kuiasisi, ilitangaza chipu ya aina hiyo kwa ajili ya flashi, ikidai kwamba eneo lake lilikuwa dogo mara 30. Hayo ni madai ya mtengenezaji, nayo hayana budi kusomwa hivyo.

Udhaifu wa analojia haukwepeki: transista mbili hazilingani kikamilifu, na joto huzibadilisha. Hata hivyo, msahihishaji wa makosa huhitaji kujua tu biti inaelemea upande gani. Salio la benki, kwa upande mwingine, halivumilii makadirio.