Siri ya Shabaha Imo Kitambaani
Wazee wetu wa pwani waijua gobori: baruti hutiwa mdomoni mwa mtutu, kisha risasi hushindiliwa kwa mdeki. Huko Pennsylvania, Marekani, katika karne ya 18, mafundi wengi wao Wajerumani walichonga mifuo iliyojipinda ndani ya mtutu. Risasi ya duara ikafanywa ndogo kuliko tundu, ikavikwa kitambaa kilichopakwa shahamu. Kitambaa kikashika mifuo, risasi ikatoka ikizunguka na kufuata njia moja.

Kipimo cha baruti hutafutwa kwa subira. Mpigaji huanza na kidogo, hupiga mara kadhaa, huongeza kidogo, hupiga tena, mpaka matundu yakusanyike pamoja. Kisha huokota vitambaa. Kilichoungua chaonyesha kuwa risasi imelegea au baruti imezidi. Kilichokatika, kuwa mifuo ina makali.

Kweli, kuishindilia kwachukua muda kuliko gobori. Lakini haraka haraka haina baraka. Tarehe 7 Oktoba 1780, huko Kings Mountain, South Carolina, watu wa milimani wenye bunduki hizo walilishinda jeshi la Patrick Ferguson lililomtii mfalme wa Uingereza, naye akauawa.