Kupigia debe: Tujue anayepigiwa ni nani

WAINGEREZA wana usemi usemao ‘to beat the drum for something’. Ukitafsiriwa neno kwa neno utakuwa ‘kukipigia ngoma’ kitu fulani, na msikilizaji wa Kiswahili atadhani kuna sherehe.

Maana yake ni kulisifu jambo hadharani, tena kwa kurudiarudia, ili watu walikubali, walinunue au walipigie kura. Zamani jeshi la Uingereza lilipita mitaani likipiga ngoma ili kuwavuta vijana wajiandikishe.

Kiswahili hakihitaji kuazima ngoma hiyo, kwani kina usemi wake: kupigia debe. Debe ni kopo la bati lililozoeleka kubebea mafuta ya taa na kupimia nafaka, lenye ujazo unaokaribia lita 20. Likiwa tupu, mlio wake husikika mbali.

Hata hivyo, matumizi yake yanahitaji uangalifu. ‘Kupiga debe’ ni kazi ya kuita abiria stendi. ‘Kumpigia debe’ mgombea ni kumnadi kwa wapigakura. Anayejisifu mwenyewe huambiwa ‘anajipigia debe’. Kauli hiyo ya kutendea ndiyo inayofichua anayenufaika na kelele.

Tofauti hiyo si ya darasani pekee. Chukua mfano wa Songambele, kata ambayo jina lake lenyewe ni wito. Ipo Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, katika Mkoa wa Kagera ambako kahawa ni zao kuu la biashara.

Wakulima wa mkoa huo wanaifahamu ‘butura’, yaani kuuza kahawa ingali mtini kwa bei ya chini, biashara ambayo Serikali imekuwa ikiipiga vita. Anayemshawishi mzazi aliyebanwa na ada ya shule kuuza kahawa ingali maua, husema anamsaidia mkulima. Kwa Kiswahili sahihi, anampigia debe mnunuzi. Mavuno yakifika na bei ikiwa nzuri, faida si ya aliyepalilia.

Mpiga debe wa stendi hulipwa kwa kulijaza basi, hasafiri nalo. Likiharibika njiani, wanaolala porini ni abiria.

Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Hivyo basi, anayesikia bidhaa, mradi au mgombea akisifiwa asiishie kuuliza kinachosifiwa ni kipi. Aulize pia anayepigiwa debe ni nani.