Wekundu wa Seramu: Kuvunjika kwa Chembe za Damu Kandokando ya Mlima Elgon

Chembe nyekundu ya damu huzaliwa ndani ya uboho wa mifupa na kuzunguka mwilini kwa takriban siku 120 ikisafirisha oksijeni kwa himoglobini, ambayo ni protini yenye madini ya chuma inayoipa damu rangi yake, kisha huchakaa na kuondolewa na bandama na ini pasipo mwenyewe kuhisi lolote. Ikipasuka kabla ya wakati wake, himoglobini humwagika katika majimaji ya damu, na tukio hilo ndilo wataalamu wanaloliita himolisisi. Ugumu wake ni kwamba himolisisi huweza kutokea mahali pawili tofauti kabisa, yaani ndani ya mishipa ya mgonjwa au ndani ya kichupa cha sampuli baada ya damu kutolewa, na kwa macho matupu rangi inayobaki ni ile ile.

Katika magharibi mwa Kenya jambo hili lina uzito wa pekee. Mji wa Kitale uko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, ilhali Bungoma uko karibu mita 1,400, na kwa kuwa vimelea vya malaria hukomaa polepole ndani ya mbu hewa inapokuwa ya baridi, tofauti hiyo ya mwinuko huwafanya majirani hawa wawili wakabiliane na malaria kwa viwango visivyolingana. Chanjo ya malaria ilipoanza kujaribiwa katika huduma za kawaida mwaka 2019, Bungoma ilikuwa miongoni mwa kaunti nane za ukanda wa Ziwa Viktoria zilizochaguliwa. Trans Nzoia, kaunti ya Kitale, haikuwamo. Kimelea cha malaria huzaliana ndani ya chembe nyekundu hadi kuipasua, na bandama nayo huangamiza chembe nyingi nyingine ambazo hazikuambukizwa, kiasi kwamba mtoto anaweza kupungukiwa na damu kupita idadi ya vimelea vinavyoonekana kwenye hadubini.

Malaria hiyo hiyo imeacha alama katika urithi wa watu. Anthony Allison, mwanasayansi Mwingereza aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa nchi hii kuanzia mwaka 1949, akaona kwamba tabia ya selimundu ilikuwa nyingi pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria lakini nadra sana nyanda za juu, na mwaka 1954 akachapisha ushahidi kwamba anayerithi tabia hiyo kwa mzazi mmoja hukingwa kwa kiasi dhidi ya malaria kali. Anayeirithi kwa wazazi wote wawili hulipa gharama ya kinga hiyo, kwa sababu chembe zake hujikunja kama mundu na kuishi siku 10 hadi 20 tu, macho yake yakawa ya manjano kutokana na bilirubini, yaani rangi inayosalia himoglobini inapovunjwavunjwa mwilini.

Upande wa pili wa Mlima Elgon, mashariki mwa Uganda, kuna sura nyingine ya himolisisi ambayo haistahili kupuuzwa Bungoma. Utafiti uitwao FEAST, ulioshirikisha watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2011, ulidhihirisha kuwa watoto waliokojoa mkojo mweusi, dalili ya himoglobini nyingi kupita katika figo, walikuwa wengi zaidi Mbale na Soroti kuliko katika vituo vingine, na miaka michache baadaye wilaya za Manafwa na Budaka zikachunguzwa kwa sababu hiyo hiyo. Mpaka wa nchi hauzuii ugonjwa wala ukoo, na watu wa pande zote mbili huvuka kila siku kwenda sokoni na hospitalini.

Dawa nazo zina nafasi yake. Watu wenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachoilinda chembe nyekundu dhidi ya kemikali kali, huweza kuvunjikiwa na damu wanapomeza primakwini au dapsoni. Dawa ya malaria ya Lapdap, iliyotengenezwa kwa ajili ya Afrika ikiwa na dapsoni ndani yake, iliondolewa sokoni mwaka 2008 kwa sababu hiyo. Hata sindano ya atesuneti, ambayo katika utafiti wa watoto 5,425 wa Afrika uliochapishwa mwaka 2010 ilipunguza vifo kwa asilimia 22.5 ikilinganishwa na kwinini, huweza kufuatwa na himolisisi wiki moja au zaidi baadaye. Hiyo si sababu ya kuiogopa, kwa kuwa inaokoa maisha, bali ni sababu ya mtoto aliyetibiwa malaria kali kurudishwa kupimwa damu hata akiwa anacheza.

Ndani ya maabara, sampuli huzungushwa kwa kasi katika mashine ili chembe zitengane na seramu, yaani majimaji yanayobaki damu ikishaganda, ambayo kwa kawaida huwa ya rangi ya manjano hafifu. Seramu ikiwa nyekundu, vipimo kadhaa huvurugika. Potasiamu iliyomo ndani ya chembe inazidi ile iliyo nje kwa zaidi ya mara 20, hivyo chembe chache zikipasuka ndani ya kichupa huweza kumfanya mtu mzima wa afya aonekane kana kwamba moyo wake uko hatarini, au, na hili ndilo baya zaidi, kumfanya mtoto aliyeishiwa potasiamu kwa kuhara aonekane hana tatizo. Sababu za kupasuka huko ni za kawaida: sindano nyembamba mno, bomba kuvutwa kwa nguvu, mpira kufungwa mkononi kwa muda mrefu, spiriti ambayo haijakauka, kichupa kutikiswa badala ya kupinduliwa taratibu, damu kugusana na barafu, au safari ndefu ya pikipiki kutoka kituo cha mlimani kama Kapsokwony kabla seramu haijatenganishwa.

Maabara nyingi huikataa sampuli ya namna hiyo na kuomba nyingine, na kanuni hiyo ni ya haki mahali ambapo wekundu karibu daima hutokana na mkono uliotoa damu. Katika eneo lenye malaria, selimundu na mkojo mweusi, kuikataa bila kuuliza ni kuitupa dalili yenyewe. Sampuli ya pili ikitolewa kwa uangalifu na kutoka safi, kosa lilikuwa la uchukuaji. Ikitoka nyekundu tena, mtaalamu wa maabara hana budi kumjulisha daktari mara moja. Ushahidi mwingine hauhitaji mashine ghali: kijikaratasi cha mkojo kinachoonyesha damu ilhali hadubini haioni chembe yoyote, bilirubini iliyopanda, ambayo kichupa hakiwezi kuitengeneza kwa sababu kazi hiyo hufanywa na seli hai, na chembe nyekundu changa zinazoongezeka uboho unapojitahidi kufidia hasara. Kipimo cha Coombs, kilichoelezwa mwaka 1945, huonyesha iwapo kinga ya mwili yenyewe ndiyo inayozishambulia chembe.

Athari za himolisisi humfikia hata mgonjwa wa kisukari ambaye hana habari kuwa chembe zake hufa mapema. Kipimo cha HbA1c hukadiria sukari ya miezi miwili hadi mitatu kwa kupima sukari iliyonata kwenye himoglobini, na chembe isiyoishi muda huo haipati nafasi ya kukusanya sukari ya kutosha, kwa hiyo jibu hutoka dogo kuliko hali halisi na dozi huachwa ilivyo wakati inapaswa kubadilishwa. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, Bungoma au Kitale, sukari ipimwe moja kwa moja kwenye damu, akiwa hajala na tena baada ya chakula, na sababu ya kufanya hivyo iandikwe kwenye faili lake.